Sufuria ya Jibini Mbele ya Wakwe

Shida zilinianza mwaka 1971, nikiwa na miaka minane: baba alikufa, shule nikaacha. Tangu hapo chakula kikiwekwa mbele yangu, nakimaliza.

Mwaka jana hapa Mlandizi binti yangu Zuhura alikaribisha wazazi wa mchumba wake. Akayeyusha jibini, akaitenga sufuria mkekani pamoja na uma na vipande vya mkate vya kuchovya, kama wafanyavyo Wazungu.

"Baba, anza wewe."

Nikaivuta kwangu, nikachovya mpaka nikakwangua chini. Wageni wakangoja, uma mkononi. Nikasema moyoni, hawa wana adabu.

"Mbona yenu inachelewa?" nikauliza.

Zuhura akainama. "Baba, hiyo ilikuwa yetu sote."

Mama wa kijana akaangua kicheko. "Wallahi, mzee huyu hajui kujifanya. Harusi ipo!"

Leo nina nyumba ya matofali, ng'ombe wanne, shamba la mihogo na mkwe.