Msichana wa Joka

Harufu ya mafuta ya nywele hunirudisha Kitengela, kwenye ngazi za ploti tulimopanga, Jumapili baada ya kanisa. Dada alikuwa akinisuka, kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti yake, huku akibashiri yatakayotokea katika kitabu cha mwisho cha hadithi ya majoka tuliyokuwa tukiisoma pamoja.

"Huyo msichana wa joka atakufa," alisema.

"Asikufe."

Akavuta nywele. "Tulia. Kwani ni mimi naandika?"

Nililia, na hata kugeuka sikuweza.

Kitabu hicho hakijatoka hadi leo. Sasa dada ndiye ameketi katikati ya magoti yangu, nami nampaka mafuta kichwani, ambapo dawa za hospitali hazijaacha hata unywele.

"Unaonaje," ananiuliza, "yule msichana ataishi?"

Napaka tena mahali nilipokwisha kupaka.