Trela la Masikio Mawili

Kambi ya Ghuba ya Penrose ina sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Familia ikiwasili siku ya Ijumaa Kuu, majirani huteleka birika, lakini chai haimiminwi mpaka waliofika wamalize kusimamisha makao yao. Mwenye karavani nzima, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, huegesha, hushusha miguu ya chuma na kupokea kikombe chake. Mwenye hema hukipata baadaye, akiwa na jasho. Verna Trembath alizoea kukipata katikati ya hao wawili, kwa sababu trela lake lenyewe lilikuwa nusu nyumba, nusu hema.

Kuta zake zilikuwa ngumu, na ndani mlikuwa na jiko, meza na kabati. Lakini mbele na nyuma kulikuwa na ubao mkubwa uliofunguka kwenda nje na kuwa kitanda cha watu wawili, na juu ya kila kitanda lilisimama turubai lenye madirisha ya wavu. Familia iliziita mbao hizo masikio. Yakifungwa, trela lilikuwa fupi na jepesi, likivutwa na gari la kawaida bila gari kulalamika. Yakifunguliwa, lililaza watu sita.

Verna alikuwa na miaka sitini na minane. Kwa muda mrefu wa maisha yake aliendesha basi la shule kati ya mji wa Maitland na mashamba ya ngano, na kazi hiyo ilimwachia tabia ya kutazama pande zote mbili kabla ya kujibu swali lolote. Mumewe, Lyall, alikuwa fundi wa pampu za visima, mtu wa maneno mengi, aliyeweza kutengeneza pampu kwa nusu saa kisha akabaki jikoni mwa mwenye shamba mpaka jua linazama. Majira ya baridi yaliyopita alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, na ulimi pia. Nyumbani na mkewe aliendelea kuzungumza, polepole, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Mbele za watu hakusema neno. Alikuwa amekwenda dukani kununua dawa, na msichana wa pale akamjibu kwa sauti ya juu, silabi moja moja, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Tangu siku hiyo Lyall akafunga mdomo.

Binti yao, Tamsin, ndiye aliyeanzisha habari ya kuuza. Yeye na mumewe Gavan, mkulima wa shayiri, walikuwa wamenunua karavani nzima, nyeupe kama friji, yenye choo na bafu ndani. Siku moja alifika kwa wazazi wake na kusema jambo lake kabla hajakaa.

"Mama, kuna mtu wa mji wa Berri anatafuta trela kama lenu. Nimeongea naye kwenye simu."

"Nani kakuambia linauzwa?"

"Mama, kile kitu ni kazi ya watu wawili. Mmoja nje anashusha ubao, mmoja ndani anavuta turubai. Baba hawezi tena. Utavunjika mgongo, halafu nitakuwa na wagonjwa wawili."

Verna alitazama kushoto, akatazama kulia. "Pasaka hii nitalifungua mwenyewe na kulifunga mwenyewe. Nikishindwa, huyo mtu wako aje Jumanne alichukue."

"Peke yako kabisa? Gavan asiguse hata kamba?"

"Akigusa nitamchapa."

"Haya. Ahadi ni deni, Mama."

"Mimi ndiye niliyekufundisha hilo."

Lyall alikuwa pale pale mezani, akikata pai yake kwa mkono wa kushoto. Alinyanyua uso, akangoja kidogo, kisha akarudi kwenye pai.

Ijumaa Kuu ilikuwa na jua na upepo mwembamba. Habari ya ahadi ilikuwa imeshafika kambini, kwa hiyo Verna alipoegesha kila mtu alikuwa amekaa kwenye kiti chake akijifanya anatazama bahari. Clarrie Nankivell, jirani wa miaka mingi, mzee mwenye kofia iliyochoka kuliko yeye, aliweka birika motoni na kukunja mikono.

"Verna! Hili birika ni la mwaka huu au la mwakani?"

"Wewe linda majani yako ya chai, Clarrie."

"Kidole kimoja hakivunji chawa, dada!"

"Ndiyo maana hukuwahi kumaliza wako!"

Watu walicheka. Verna alifungua vifungo vya sikio la mbele, akaushusha ubao kwa mkanda alioufunga kwenye nguzo ili usimponyoke, akapachika miguu ya chuma chini yake, akaingia ndani, akasukuma fito za turubai juu, akatoka, akakuta fito moja imelala, akaingia tena. Alipanda na kushuka ile ngazi ndogo ya mlangoni mara nyingi kuliko kuku anayetafuta pa kutagia. Sikio la nyuma lilichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa mabega yalikuwa yamechoka. Lakini lilisimama. Turubai lilikuwa limekazwa bila kunyanzi hata moja, na Tamsin, aliyekuwa akisimamia kwa mikono kiunoni kama refa, hakupata pa kutia kasoro.

Chai ilikuwa chungu kama mwarobaini. Verna aliinywa yote.

"Nusu," alisema Tamsin.

"Nusu," Verna alikubali.

Lyall alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha turubai kando ya gari. Clarrie alimsalimu, akamwuliza kama samaki watakula chambo kesho. Lyall akatikisa kichwa, jambo ambalo lingeweza kuwa ndiyo au hapana, akaangalia viatu vyake.

Usiku walilala kwenye sikio la mbele, upande wa bahari. Hii ndiyo sababu ya kutotaka kuliuza, ambayo Verna hangeweza kumweleza mwanawe. Ndani ya karavani ya Tamsin hewa ilitoka kwenye mashine, na bahari ilikuwa kitu cha kutazama kwa kioo. Ndani ya turubai upepo wa chumvi uliingia upande mmoja na kutokea wa pili, na mawimbi yalikuwa karibu kama mtu anayepumua kitandani. Ubaya wake ni kwamba turubai halijui siri. Familia iliyogombana kwenye sikio ilikuta ugomvi wake umefika msalani kabla yao. Mtoto akikohoa, safu nzima iligeuka ubavu. Kwa hiyo Lyall alizungumza kwa mnong'ono, mdomo karibu na sikio la mkewe, na alichomwambia hakikumfikia mtu mwingine.

Mvua ilianza Jumapili jioni. Katika nchi ya ngano hakuna anayelaani mvua ya Pasaka, kwa sababu ndiyo inayoamua mwaka. Gavan alikuwa ameshapanda kwenye udongo mkavu, na sasa alisimama nje akilowa huku anacheka peke yake. Verna alisikiliza matone juu ya turubai na akajizuia asilaani. Turubai likilowa huwa na uzito wa ng'ombe aliyekataa kutembea. Tena haliwezi kuachwa likiwa limekunjwa. Siku mbili tu, na ukungu mweusi huingia kwenye nyuzi, na ukungu huo hautoki kwa sabuni wala kwa sala.

Jumatatu asubuhi mvua ilipungua, upepo ukaongezeka. Wenye karavani nzima waliingiza miguu ya chuma na kuondoka. Waliobaki hawakubaki kwa sababu ya mandhari.

Sikio la mbele lilifungwa. Lilimchosha mpaka akaketi kwenye ngazi kupumzika, lakini lilifungwa. Sikio la nyuma lilikuwa upande wa upepo. Kila Verna alipounyanyua ubao kutoka nje, upepo ulilivuta turubai lililolowa na kulitapika pembeni, na ubao ukaja kulibana. Ukilazimisha, linachanika. Akaushusha, akakimbia ndani, akavuta turubai, akakimbia nje. Likawa limetoka tena. Alirudia. Mara ya tatu mkanda uliteleza, ubao ukamgonga begani. Gavan akainuka.

"Kaa chini!" Verna alifoka.

"Verna, usiwe hivyo, mama mkwe wangu—"

"Nimesema kaa!"

Hakuna aliyekuwa anamtazama Lyall, kwa hiyo hakuna aliyeona alivyonyanyuka. Walichoona ni mlango wa trela ukifungwa, na kiti chake kikiwa kitupu na fimbo yake imeegemea gurudumu. Kisha kutoka ndani, nyuma ya turubai lililolowa, sauti ikatoka. Ilikuwa nene na ya kuburuta, ilikanyaga herufi, lakini ilikuwa kubwa.

"Shu-sha kidogo."

Verna alisimama, maji yakimtiririka usoni.

"Umeziba masikio, dereva? Shusha!"

Akashusha. Turubai lilianza kuingia ndani pole pole, kunyanzi baada ya kunyanzi, likivutwa na mkono mmoja wa kushoto.

"Ngoja... ngoja... upepo upite. Sasa. Pandisha."

"Kona ya kulia imetoka!"

"Naiona. Mimi... ndiye niko ndani. Wewe pandisha."

"Usinipigie kelele."

"Basi la shule... lilikuwa na mwendo kuliko wewe."

Mtu mmoja kwenye safu ya nyuma alicheka kwa nguvu, na kutoka ndani ya turubai sauti ikamwambia anyamaze, asije akaitwa kusaidia. Ndipo kambi nzima ikacheka. Ubao ulipanda, ukakaa mahali pake, na vifungo vikalia. Tamsin alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Tangu kiharusi hakuwa amemsikia baba yake akisema zaidi ya "ee" na "la". Alikuwa amejua, kwa maelezo ya daktari, kwamba maneno yapo. Hakuwa amejua kwamba na utani upo.

Sasa Lyall alikuwa ndani, na alipaswa kutoka mbele ya watu wote. Mlango haukufunguka. Clarrie alivua kofia yake, akaikung'uta maji, akasema kwa sauti, "Jamani, birika langu linachemka bure," akageuka na kwenda zake, na watu wakamfuata mmoja mmoja bila kuangalia nyuma. Birika lake lilikuwa limeshafungwa garini tangu alfajiri.

Tamsin alibaki. "Mama," alisema, "ulisema peke yako."

"Nilisema. Nimeshindwa." Verna alikuwa anajipangusa uso kwa kitambaa cha vyombo. "Mwambie aje kesho."

"Sikuwa namaanisha—"

"Mimi nilimaanisha."

Mtu wa Berri aliitwa Theo Kouros. Alifika Maitland, nyumbani kwa akina Verna, Jumanne kabla ya saa sita, baada ya safari ndefu, na Tamsin akafika dakika chache baadaye. Trela lilisimama uani, masikio yote mawili wazi, kwa sababu yakilowa lazima yafunguliwe nyumbani siku hiyohiyo, hata kama kesho si lako tena. Jua lilikuwa limerudi, na turubai lilifuka mvuke.

Verna alimpa Theo chai na pai, kisha akamwambia yote. Hakupaka rangi. Alimwambia kwamba gari dogo linatosha kulivuta, kwamba watoto wake watapata kila mmoja pa kulala, na kwamba asubuhi ya joto hakuna karavani itakayomfaa kama hili. Kisha akamwambia kwamba si la mtu wa kusimama njiani kulala usingizi mmoja na kuondoka. Kwamba usiku wa baridi, baridi inaingia nawe kitandani. Kwamba akiwa na neno la kumwambia mkewe, aliseme nyumbani kabla ya safari. Kwamba mvua ikinyesha siku ya kuondoka, safari yake haijaisha akifika nyumbani. Inaisha turubai likikauka.

"Na kulifunga?" Theo aliuliza. "Mtu mmoja anaweza?"

Verna alitazama pande zote mbili. "Hapana," alisema. "Nimejaribu."

"Mama, umenieleza mabaya yake mpaka nimelipenda," Theo alisema. "Ni wachache wanaouza namna hii. Nalichukua. Tufanye leo leo."

"Hali-u-zwi."

Theo aligeuka. Uani palikuwa na Verna, Tamsin, na kamba ya nguo. "Nani huyo?"

Turubai la sikio la mbele lilitikisika kidogo kutoka ndani, kama ng'ombe anayefukuza nzi kwa ngozi.

"Ni baba yangu," alisema Tamsin. Alikaribia mpaka pua yake ikakaribia kugusa turubai. "Baba, Mama ameahidi. Mimi nimeahidiwa. Huyu bwana ametoka mbali."

"Mama yako ameahidi... nusu yake. Yangu hajaiahidi mtu."

"Mbona hukusema siku ile mezani?"

Mvuke ulipanda. "Hamkuniuliza."

Tamsin alisimama pale kwa muda, mkono juu ya turubai lenye umajimaji, mahali ambapo huenda ndipo bega la baba yake lilikuwa. Kisha akamgeukia Theo na kumwomba radhi kwa safari aliyomsababishia. Kosa, alisema, lilikuwa lake, kwa sababu aliongea na nusu ya wenye mali. Theo alikuna shingo. Akauliza kama pai nyingine ipo.

"Ipo," sauti ikajibu kutoka kwenye sikio. "Na mimi... niletewe yangu."

"Njoo uile hapa na wenzako," alisema Verna.

Zipu ya dirisha la wavu ilifunguka kidogo, na mkono wa kushoto ukatoka nje, kiganja juu, ukingoja. Verna aliutazama mkono ule, akauacha ungoje. Baada ya muda ukarudi ndani, na mlango wa trela ukaanza kufunguka.