Minazi Kumi na Minne ya Bondeni

Wivu wangu ulianza siku shoga yangu alipoingia uani na karatasi mkononi, akaniambia amenunua minazi. Tulikuwa wapangaji wa nyumba moja Kariakoo, upande wa Gerezani, chumba changu na chake vimetenganishwa na ukuta wa udongo. Alikuwa ametoka Lindi na mkeka mmoja. Mimi ndiye niliyemwombea chumba kwa mwenye nyumba, mimi ndiye niliyemwingiza kwenye upatu, na sasa yeye ndiye anayetangulia kupata kwake.

Siku hizo ardhi ilikuwa ya umma, haiuzwi. Uliuziwa kilichoota au kujengwa juu yake. Mjumbe wa nyumba kumi aliandika idadi ya minazi kwenye karatasi, na kiwanja kikafuata humo humo bila kutajwa. Kila mtu alilijua hilo. Mimi pia nililijua, ndiyo maana najiona mjinga mpaka leo.

Nilikuwa na akiba ya vitumbua, si nyingi. Mume wangu, fundi wa karakana ya reli, alitaka tutoe kilemba, ile pesa ya mkononi anayodai mwenye nyumba kabla ya kodi, tupate chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani, niuzie humo. Mimi nilitaka kwetu, mahali ambapo wanangu wangekimbia ukumbini bila mtu kuwafokea. Pesa ilitosha kimoja tu, na ikipotea hatukuwa na nyingine.

Shoga yangu akanipeleka kuona. Kilima cha mchanga nyuma ya Buguruni, minazi tisa mizee, mitatu haina hata kidaka. Nilifurahi, nikajikaza nisionyeshe.

"Pale pembeni pamebaki," akasema. "Nimemwomba mzee aliyeniuzia asimpe mtu mpaka wewe upaone. Tutakuwa tunaombana chumvi, shoga."

"Nitafikiria," nikamjibu, wala sikufikiria. Nikae ubavuni kwake, watu waseme nimemwiga? Bora nibaki mpangaji.

Nikatafuta dalali wangu. Akanipeleka bonde la Msimbazi: minazi kumi na minne, michanga, imebeba mpaka imeelemewa. Niliihesabu mara mbili. Kumi na minne kwa tisa. Mume wangu akafukua udongo kwa kisigino, kishimo kikajaa maji.

"Mama watoto, hapa panatota."

"Kwani karatasi imeandika nini?" nikamwuliza. "Imeandika minazi."

Tukalipa. Nilirudi uani na maringo yangu yote, nikataja idadi kwa sauti hata waliokuwa chooni wasikie. Shoga yangu akasema, "Hongera," lakini nikamwona amenyong'onyea. Nikadhani ananionea wivu, na siku hiyo nilikula nikashiba.

Haukupita muda nikasikia anaikata minazi yake. Nilikwenda mbio kumwona aliyerukwa na akili. Nikakuta magogo yamepasuliwa kuwa boriti, na mafundi wanasimika nguzo za nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati. Pembeni, pale aliponishikia, mtu mwingine alikuwa anachimba msingi mkavu kabisa. Nikaondoka bila hata kuwapa pole ya kazi.

Sisi tulichimba msingi mara tatu, na mara tatu tulichota maji kwa ndoo. Masika ilipoingia bonde likajaa mpaka magotini, na minazi ikazidi kustawi. Mume wangu hakunilaumu. Alikaa tu na kuitazama, jambo ambalo lilinikera zaidi.

Mwenye nyumba wa Kariakoo alipovitaka vyumba vyake, shoga yangu alikuja mwenyewe kutuchukua. Alikuwa ametuwekea chumba cha mbele, na alipotajiwa kilemba akakasirika.

"Kilemba cha nini, shoga? Kwani wewe ulinidai kilemba uliponipokea?"

Tupo hapo mpaka sasa. Wanangu wanakimbia ukumbini kwake asubuhi hadi jioni, na hakuna anayewafokea. Nazi za bondeni ndizo ninazokamulia tui la vitumbua, na wateja wanavisifu. Yeye ndiye anayevisifu kuliko wote, tena kwa moyo safi. Kila nikimpelekea sahani namchungulia usoni, natafuta dalili ya kunicheka. Angenicheka hata mara moja, nami ningepata cha kumchukia.