Kuku wa Kuagana Nyumbani kwa Phelista

Nimeuza gambuti, zile buti za mpira, hapa Kitale tangu nikiwa msichana wa kumsaidia mama dukani, na kitu kinachonipandisha hasira hadi leo ni watu wanaouona mji huu kama choo cha njiani. Wanashuka kwenye gari, wanajisaidia, wananunua ndizi, wanauliza gari la Lodwar liko wapi. Mlima Elgon umesimama upande ule, Milima ya Cherangani upande huu, na mtu anapita katikati akiangalia simu. Mimi nikiona hivyo huwa nafyonza mpaka wateja wanageuka.

Kwa hiyo jirani yangu Phelista Nabwile aliponiambia anataka watu walale Kitale, tena si usiku mmoja, nilimpenda hapo hapo. Phelista ni mzaliwa wa Mabanga, kule Bungoma. Aliletwa Kitale na ndoa, na mumewe Barasa alipofariki alimwachia nyumba kubwa ya vyumba vingi, bila mtoto wa kuvijaza. Akapaka rangi, akanunua magodoro, akatundika kibao langoni: Lala Hapa, Tembea Kote. Nilimsaidia kushika ngazi.

Shida ilikuwa shemeji yake, Sifuna, ndugu ya marehemu. Sifuna ni mfanyabiashara wa mahindi, na kwa mtu wa mahindi chumba kitupu ni stoo ambayo bado haijafunguliwa. Tangu mazishi alijifanya mwenye nyumba. Aliingia bila kubisha hodi, akakalia kiti cha marehemu, na kuku akipikwa, firigisi ilikuwa yake. Kwetu sisi ambao wazazi wetu walitoka Nyeri, firigisi ni kipande cha nyama tu. Lakini kwa jirani zangu Wabukusu hiyo ndiyo heshima ya nyumba: huwekewa mwanamume mwenye boma, na mwanamke haigusi. Nilimwona Phelista akimtengea Sifuna firigisi hiyo kila mara, macho yakiwa chini.

Mwaka juzi, mahindi yakiwa yamefika kiunoni, Sifuna alitoa amri mbele ya jamaa wote.

"Shemeji, mimi sina ubaya na wewe. Lakini hizi vyumba zinalala bure, bana. Tukivuna na bado ziko tupu, naleta rori, naweka mahindi. Wewe si utarudi Mabanga kwa ndugu yako? Si huko ni kwenu?"

Jamaa wakaitikia kwa vichwa. Phelista alikuja dukani kwangu, akakaa juu ya boksi la gambuti, akalia. Mabanga hakuwa na chochote tena isipokuwa kitanda katika nyumba ya mke wa kaka yake. Mimi nilimtukana Sifuna kwa Kikuyu, kwa sababu ndiyo lugha ninayotukania vizuri.

Wageni wa kwanza walikuja, vijana wa Nairobi wenye mabegi mazito na maswali mengi. Phelista aliamka kabla ya jogoo, akachinja, akasonga ugali. Wakala kuku asubuhi hiyo kama watu wanaoenda vitani, kisha wakapelekwa Elgon kuona mapango ambamo ndovu huingia kuchimba chumvi. Walifika mdomoni mwa pango wakalala usingizi kwenye nyasi, matumbo juu. Kesho yake wakashukuru sana na kuondoka.

"Waithera, nimejifukuzia wageni mwenyewe," Phelista aliniambia, mikono kichwani. "Kwetu mgeni akishakula kuku, umemmaliza. Hiyo ndiyo ya kuagana. Na mimi nimewapa asubuhi ya kwanza!"

"Basi wanaofuata uwanyime," nikamwambia.

Nilikuwa natania. Yeye hakucheka hata kidogo, na nikaona amepata kitu.

Mavuno yakafika. Mji ukajaa trekta na vumbi la mahindi, na Sifuna akatuma neno kwamba Jumamosi anakuja na lori. Mwanzoni mwa wiki hiyo likasimama langoni basi dogo la walimu wastaafu kutoka Webuye, wakiongozwa na Mwalimu Gladwell, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha paredi. Walikuwa njiani kwenda Baringo. Walitaka kulala usiku mmoja tu.

Jioni Phelista akawawekea ugali, maharagwe na mboga ya managu. Walimu wakala polepole huku wakiangalia mlango wa jikoni. Hakuna kilichotoka. Mwishowe Gladwell akashindwa kuvumilia.

"Mama, si nimesikia kuku huko nyuma?"

"Wako, Mwalimu. Hao ni wa siku ya kuwaaga. Nitawaagaje na hamjaona kitu? Kesho muende Saiwa kwanza."

Mgeni wa kutoka Nairobi angecheka na kwenda zake. Lakini hawa walikuwa watu wa Bungoma, na kuondoka kwenye nyumba ya mwenzao bila kuku lilikuwa jambo ambalo wangeulizwa hadi kaburini. Gladwell akawatazama wenzake, wenzake wakatazama sahani.

"Ati turudi Webuye tuseme hatukupewa kuku?" akasema. "Haya. Saiwa, kesho."

Asubuhi nikawavisha wote gambuti zangu. Huko Saiwa, kwenye kinamasi ambacho hakiko mbali na mji, walipanda jukwaa la mbao wakanyamaza, jambo gumu kwa walimu, na nzohe akajitokeza kwenye mafunjo, yule swala anayetembea majini. Walirudi wamelowa na wanabishana kuhusu nani alimwona kwanza. Gladwell alikuwa ameishi Bungoma maisha yake yote na hakujua mnyama huyo yupo.

Usiku huo Phelista akaingiwa na huruma. Akamwambia Gladwell ukweli wote, wa kuku na wa lori, kisha akasema, "Mkitaka, kesho nawachinjia muende Baringo kwa amani."

"Mwache huyo kuku aishi," Gladwell akajibu. "Hatujaona mapango. Na yule Sifuna wako ninataka kumwona kwa macho."

Wakaenda Elgon wakiwa wepesi, wakaingia pangoni na tochi wakaimba humo ndani. Wakaenda Cherangani wakarudi na mashavu yaliyochomwa na upepo. Kila jioni walirudi kwa Phelista, na kila jioni Gladwell alipiga simu nyumbani kuwaita wengine. Ijumaa yakaja magari mawili ya jamaa zao. Hakuna kitanda kilichobaki.

Jumamosi lori likapiga honi. Sifuna akaingia bila kubisha, kama kawaida, akafungua chumba cha kwanza. Mama mmoja akapiga kelele akijifunika taulo. Chumba cha pili, hivyo hivyo. Korido nzima ilikuwa gambuti zenye matope, zimepangwa ukutani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sitaficha, nilifurahi mpaka nikajishika kiuno.

"Karibu, shemeji," Phelista akasema. "Leo naaga wageni. Kula na sisi."

Sifuna akakalia kiti chake. Kuku wakaletwa, wengi, mchuzi ukitoa moshi. Akavuta sahani iliyowekwa mbele yake, akapindua paja, akapindua kifua, akachungulia chini ya shingo.

"Shemeji, firigisi iko wapi?"

Walimu wote wakaacha kula. Phelista alikuwa amesimama kando ya meza, kichwa juu, anatafuna. Hakuharakisha. Alitafuna mpaka ikaisha, akameza, akajipangusa midomo.

"Imeliwa na mwenye nyumba," akasema.

Gladwell ndiye aliyeanza kupiga makofi. Sifuna akainuka, akaenda hadi dirishani, akampigia dereva kelele ageuze lori.