Kamba ya tantine

Leo nilificha kuku chini ya kitanda.

Ni ule tuliyekimbia naye vita kule Mangina. Nilimubeba ndani ya kitenge siku mbili, na tangu pale hataki kuachana na mimi. Hapa Mususa, kwa tantine, dada ya mama, kuku yake wanamudonoa, anakimbilia ku miguu yangu.

Asubuhi tantine akasema: « Leta ile kuku yako, na kamba. »

Kesho muchungaji anakuja kula kwetu. Na muchungaji hapikiwi maharagi.

Donc nilimuficha. Mais kuku mwenyewe akalia, tantine akainama, akatuona wote wawili.

« Nani amekuambia nitaipika? Kuku mugeni inafungwa mguu pembeni ya benzake, bazoeane. Kwenu hamukuwa na kuku? »

Nilimutolea kuku na kamba. Haya ilinikamata.

Alimufunga karibu na bakuli la mahindi. Mchana kuku wengine walimudonoa. Jioni walikula pamoja.

Nilimwita. Aliniangalia, akaendelea kula.

Ningefurahi, mais tantine anaimba jikoni, hajasema kesho atapikia muchungaji nini, na sasa mutu akimukamata, hatanikimbilia tena.

Mungekuwa mimi, mungefungua ile kamba?