Picha Mbele ya Mwanamke wa Mtungi

Hadi leo, nikisikia maji yakidondoka juu ya saruji, namkumbuka mwanamke wa mtungi. Alikuwa sanamu katikati ya Kampala, ameinamisha mtungi usiokwisha maji. Jumapili baada ya misa tulipanga foleni kupigwa picha mbele yake. Desturi ilitaka mtoto akinge mkono chini ya mtungi, kwa hiyo wote tulirudi nyumbani na nguo zilizolowa upande mmoja.

Nilikuwa na miaka saba na mapengo mawili. Baba, polisi wa Naguru, alikuwa amekimbilia Kisumu wenzake walipoanza kuchukuliwa mmoja mmoja na askari wa utawala wa wakati ule. Majirani tuliwaambia yuko kijijini kwa bibi. Mama alitaka kumtumia picha ayaone mapengo yangu. Mpiga picha, Mkongo tuliyemwita Papa Safari, aliniuliza kwa utani picha ni ya mchumba gani, nami nikamnong'oneza kila kitu. Akaacha kutabasamu. Akabonyeza kamera.

Hapo akaja askari mwenye miwani nyeusi.

"Hii picha napeleka kwa nani?" Alitaka kujua inapelekwa kwa nani, na aliniuliza mimi, si Mama.

Vidole vya Mama vilinibana bega, lakini mdomo wangu ulikwisha funguka. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mkubwa akiuliza, hujibiwa.

Papa Safari akafungua mgongo wa kamera, juani.

"Afande, picha hakuna. Filamu imeungua yote."

Niwaeleze mlio vijana: zamani picha zilikaa kwenye filamu, na filamu ikipigwa na mwanga, vyote vilivyomo hufutika.

"Wewe fundi gani, Mukongo? Hata kuku nashinda wewe." Askari alicheka, foleni nzima ikacheka naye, kisha akaenda zake.

Nililia hadi nyumbani Naguru. Mama hakunikemea, alisema tu tumwombee Papa Safari kila Jumapili. Nikamwombea kwa moyo wote ajifunze kazi yake.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa. Mtu yule, aliyejivunia ufundi wake, alikubali kuitwa mjinga mbele ya wateja wake, akachoma kazi ya asubuhi nzima, ili swali lile lisipate jibu. Sikupata kumshukuru.

Utawala ule ulipoanguka, Baba alirudi. Alibisha hodi, na mimi na Mama tulikuwepo kumfungulia.