Geuza Mifuko Kwanza

Adolphine anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, katika soko la mji wa Baraka, na kwa ukaidi hana mwenzake. Mvuvi hampimii samaki mpaka kwanza apindue beseni mbele ya watu, ionekane hakuna mchanga chini. Hata shemeji yake hupindua. Wavuvi hawampendi, lakini wanapindua.

Asubuhi moja polisi wawili walifika kwake kutafuta bangi. Mkubwa wao, Wilfried, alikuwa na karatasi ya kupekua kutoka parquet, ofisi ya mashtaka. Adolphine aliisoma yote hadi muhuri, kisha akasimama katikati ya mlango.

"Chef, mbele ya kuingia, mugeuze mifuko. Majirani baone."

"Mama, sisi ni polisi."

"Na bale ni bavuvi. Banapindua basen."

Sisi majirani tulikuwa tumeshajipanga. Kwetu mashahidi hawatafutwi. Wilfried akageuza mifuko: simu, leso, nusu kipande cha muhogo. Mwenzake alikuwa na kitana tu, na kichwa chake kina upara. Wakaingia, nasi nyuma yao.

Bangi waliikuta chini ya godoro la Élie, mdogo wake Adolphine, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Élie akapelekwa kasho, akafungiwa huko polisi.

Siku ya kufikishwa parquet, Élie alimnong'oneza dada yake: "Yaya, sema ni bo polisi bameitia. Bataniachilia."

Na kweli, nusu ya mji ingeamini. Mimi mwenyewe ningeapa bila aibu. Lakini Arlette, magistrat wa parquet aliyeshika faili, alipomuuliza, Adolphine alijibu: "Mifuko yabo niliona na macho yangu. Haikukuwa na kitu. Ile bangi ni ya kwetu."

Élie hakumtazama tena.

Magistrat alisoma polepole procès-verbal, ripoti ya upekuzi: majina ya majirani saba, simu, leso, muhogo, kitana. Akasema upekuzi safi namna hiyo hajauona. Bangi ni kidogo, kijana ana makao, na dada wa namna hii hatamficha. Akampa liberté provisoire: asubiri kesi nyumbani, aripoti kila Ijumaa, mdhamini wake Adolphine.

Walirudi nyumbani. Mlangoni Élie akasimama. Hakuna aliyemwagiza. Akageuza mifuko yake, mmoja, halafu wa pili, mbele yetu sote.

Adolphine aliikagua hadi kwenye mishono. Kisha akampisha apite, akaenda nyuma ya nyumba kulia, na siku hiyo hakuuza ndagala hata kipimo kimoja.